Kidani cha Kashata

Bi. Kibibi alikuwa ameshateleka maji ya chai na kumkatia binti yake mkate wa kumimina ndipo akataja habari ya paka, tena kwa kupitia tu, kama mtu anayesema nazi zimepanda bei.

"Kashata siku hizi kahamia bafuni. Anajilaza kwenye beseni la kufulia, hatoki. Nadhani joto."

Mwantumu alikuwa daktari wa wanyama, na daktari mzuri, hilo hata mahasidi wake walikiri. Alikirudisha kipande cha mkate sahanini.

"Anakula?"

"Jana hakugusa kitu. Lakini hajambo. Nimemuuliza mwenyewe asubuhi, kasema hajambo."

Usije ukadhani bibi wa watu alikuwa ameanza kuchanganyikiwa. Tanga ya miaka hiyo paka waliulizwa hali na paka walijibu. Kila mnyama wa nyumbani, awe paka, mbwa au kasuku wa barazani, alivaa kidani shingoni, kipande chembamba cha chuma kilichosikiliza moyo na pumzi, kikatazama mkao wa masikio na mkia, kikahesabu safari za kwenda kwenye mchanga wa kujisaidia, kisha kikaligeuza lote hilo kuwa Kiswahili. Mwenye paka aliuliza, kidani kikajibu. Na vidani vyote vya mji, kuanzia Raskazone mpaka Pongwe, vilijibu kwa sauti moja. Sauti hiyo ilikuwa ya Mwantumu Semkiwa. Alikuwa ameitoa bure enzi zile za mwanzo, yeye na shoga yake Hidaya walipokuwa wanavibuni vidani na hawana hata uwezo wa kukodi msomaji. Alijifungia kwenye stoo ya magodoro ili mwangwi usiingie, akasoma maneno mpaka koo likakauka. Tangu siku hiyo akipita mtaani alijisikia mwenyewe akitoa shikamoo kwenye kila dirisha.

Aliingia bafuni. Kashata, dume la manjano lenye kichwa kikubwa, alikuwa amejikunyata ndani ya beseni, mgongo juu, macho nusu. Manyoya yake yalikuwa yamesimama ovyo. Paka asiyejilamba ni paka mwenye shughuli nyingine kubwa zaidi, na shughuli hiyo kwa kawaida ni maumivu.

"Shikamoo, daktari," kilisema kidani, kwa sauti ya Mwantumu mwenyewe, changa kidogo na yenye furaha.

"Marahaba. Hujambo, Kashata?"

"Sijambo."

Mwantumu akachuchumaa, akasubiri.

Hapa pana jambo la kueleza. Hapo mwanzo vidani vilisema mambo kama yalivyo. Unaingia nyumbani umechoka, paka anakutazama, kidani kinakwambia: Tumbo linaniuma. Basi! Watu walikasirika. Paka gani huyu hana hata salamu? Kalelewa wapi? Watu wa Tanga unawajua. Mtu atakwambia huku sote wazima wa afya, hatuna neno, halafu avute pumzi, ndipo aseme: ila baba tumemzika jana. Ubaya hautangulizwi mlangoni. Basi Mwantumu, mtoto wa Ngamiani aliyefunzwa akafunzika, akasema wanyama nao wafunzwe adabu. Watoe shikamoo kwa wakubwa. Waseme kwanza kwamba hawajambo. Kisha, baada ya pumzi moja, walete ila yao. Sijambo, ila jino. Sijambo, ila sikio la kushoto linawasha. Watu wakafurahi mpaka basi, wakazoea kuisubiri ile ila, kwa kuwa dawa yote ilikuwa humo.

Kashata alivuta pumzi. Mwantumu alisubiri. Paka akavuta pumzi nyingine, fupi, na kidani hakikusema kitu.

Alipeleka mkono chini ya tumbo taratibu. Kibofu kilikuwa kigumu kama ndimu mbichi. Kashata hakupiga kelele. Alianza kukoroma kile kikoromo cha paka anachokoroma akiwa mapajani mwa mtu, na Bi. Kibibi aliyekuwa amesimama mlangoni akacheka kwa raha.

"Si unaona? Kakufurahia."

"Mama, paka hukoroma hata akiwa anakufa. Hujiliwaza. Lete kanga tumfunge, tunaondoka."

"Tunaondoka wapi? Ana nini?"

"Mkojo umeziba. Hajakojoa tangu juzi au zaidi."

Bi. Kibibi aliweka mkono kifuani. "Lakini wewe umesema hajambo."

"Mimi? Mimi ndio kwanza nimefika."

"Sauti ya nani ile?" akauliza mama yake, na hakuwa anatania.

*

Kliniki ya Mwantumu ilikuwa Chumbageni, na bajaji isiyo na dereva iliwafikisha kabla chai ya Bi. Kibibi haijapoa kule mezani. Mama aliachwa kwenye benchi la nje na kanga yake moja. Nyingine ilikuwa chini ya paka.

Dume la paka Mungu alilipa mrija mwembamba wa mkojo. Punje ndogo za mawe zikikusanyika zinauziba, na mkojo ukikosa pa kutokea unarudisha sumu yake ndani ya damu, na damu inaanza kuulaza moyo. Likiwahiwa ni jambo jepesi. Likichelewa, hata fundi wa mafundi atabaki kufanya dua. Mwantumu alimtia usingizi mwepesi, akapitisha mrija wa plastiki, akausukuma kwa maji ya chumvi, ukakwama, akajaribu tena huku akijisemesha. Mwishowe ukapenya, na mkojo ukatoka mwekundu kama majani ya chai yaliyochemka sana. Akaweka dripu. Moyo wa paka ulipiga polepole mno na haukutaka kuchangamka.

Alipomaliza kufanya yale yanayofanyika, hasira ikapata nafasi.

Kwanza alidhani kidani kimeharibika. Alichukua sikio, kile chombo cha madaktari kinachosikiliza kidani kabla hakijageuza chochote kuwa maneno, akaligusisha. Kidani kilikuwa kizima kabisa. Kilijua. Kilijua kuhusu kibofu, kilijua kuhusu moyo, na maumivu kilikuwa kimeyapima mpaka juu ya kipimo. Yote yalikuwa yamejaa mle ndani, yanagonga mlango wa ulimi, na ulimi umefungwa.

Kwenye kizimba cha pili alilala Popo, mbwa wa Mwalimu Mhina, aliyegongwa na pikipiki na kuvunjika mguu wa nyuma. Kliniki alizoea kutumia sikio, wagonjwa hakuwauliza kwa maneno; sasa akamsogelea.

"Hujambo, Popo?"

"Shikamoo, daktari. Sijambo."

Mguu ulining'inia ndani ya bandeji. Mbwa alimtazama. Mwantumu alihesabu pumzi za mbwa mpaka akachoka.

Hakikuwa kidani kimoja, basi. Na haikuwa bahati mbaya, kwa sababu ulimi wa vidani haukubadilika wenyewe. Waliuwekea kufuli siku ya kwanza, yeye na Hidaya, wakacheka wakisema ni kufuli la ndoa: neno lolote la kuongeza au kupunguza kwa vidani vyote lilitaka madole gumba mawili, la huyu na la yule, ndani ya siku mbili, juu ya kishikwambi kimoja. Yeye hakukumbuka kuweka la kwake. Alisimama katikati ya chumba akiutazama mkono wake wa kulia.

"Mama," akasema akitoka nje, "kaa naye. Nakwenda Gofu mara moja."

"Kwa Hidaya? Msalimie," akajibu Bi. Kibibi, na akayakwepa macho ya mwanawe. Mwantumu aliliona hilo, ila hakulishughulikia.

*

Karakana ya vidani ilikuwa ndani ya ghala la zamani la mkonge, refu, lenye paa la juu na harufu ya kamba isiyokwisha. Hidaya Makange alikuwa mezani kwake, miwani kichwani, anakula maembe mabichi na pilipili. Alipomwona Mwantumu alifurahi kwa dhati, na hilo ndilo lililomchoma zaidi Mwantumu baadaye, kila alipokumbuka. Alifurahi kwa dhati.

"Shoga! Umekonda. Njoo ule."

"Ila imekwenda wapi?"

Hidaya alilitua embe. Hakuuliza ila gani.

"Nani kafa?" akauliza.

"Hajafa bado. Ni Kashata wa mama. Kwa hiyo ni kweli. Umeikata."

"Kaa kwanza."

"Sikai."

"Basi simama, lakini sikiliza." Hidaya akajifuta vidole kwa leso, kimoja kimoja. "Unaukumbuka mwaka wa pili? Unawakumbuka mbwa wa barabara ya Pangani? Watu waliwatupa na vidani vyao shingoni. Wamekaa kando ya lami wanayasemesha magari. Shikamoo, sijambo, ila nina kiu. Shikamoo, sijambo, ila mguu. Nani alikwenda kuwaokota? Mimi na wewe na gari la kuazima. Ulilia mpaka ukatapika, Tumu."

"Nakumbuka."

"Watu wale hawakuwa na roho mbaya. Walichoka. Kila chenye uhai kinaumwa hapa na pale kila siku ya Mungu, na sisi tulikipa kila kimoja mdomo wa kuyataja yote. Mume wangu angekuwa anataja kila kinachomuuma ningemtupa naye. Nikaona bora wapunguze kusema, wapendwe. Na wakapendwa! Nenda Pangani leo, hutaona mbwa hata mmoja barabarani."

"Kwa sababu wanafia majumbani, huku wakisema hawajambo."

"Wanafia mapajani mwa watu. Kuna vifo vibaya zaidi, na wewe unavijua."

Na hilo, jamani, ndilo lililokuwa gumu. Mwantumu alikuja na maneno yake yamepangwa, na shoga yake akampa neno ambalo si la kijinga. Aliwakumbuka wale mbwa. Alimkumbuka mmoja mweusi aliyekataa kuingia garini, akabaki amekaa, akilisalimia kila lori kwa sauti ya Mwantumu mwenyewe.

"Ungeniambia," alisema.

"Ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa! Mtu huulizwa ili apate pa kukataa!" Sauti yake iligonga paa la ghala ikarudi. "Dole langu ulilipata wapi, Hidaya?"

Hidaya akatazama chini.

Hakuhitaji kujibu. Lilimjia Mwantumu palepale. Msiba wa baba. Alikuwa mkekani katikati ya wanawake, ametandwa kanga mpaka kichwani, macho yamevimba hayaoni. Hidaya ndiye aliyepika msiba ule wote. Ndiye aliyemshika kichwa alipozimia, aliyemlisha uji kwa kijiko, na watu wakasema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Ndiye pia aliyemwinamia sikioni, akauchukua mkono wake kwa upole: Shoga, weka kidole hapa, ni mambo madogo ya umeme wa karakana, nisikusumbue nayo. Naye akaweka. Angeweka hata kichwa.

"Tulikuwa hatujaanua matanga," alisema Mwantumu.  "Baba yangu hata kaburi halijakauka. Nimekaa chini nalia, wewe unaniibia kidole."

"Nilikupikia msiba mzima," alisema Hidaya kwa sauti ndogo, na ilionekana kweli aliamini kwamba hilo lingeweza kupimwa na lile kwenye mzani mmoja.

"Ama kweli kikulacho ki nguoni mwako. Na Kashata? Kidani kikiona hatari hakikuletei taarifa hapa?"

"Huleta."

"Cha Kashata kilileta?"

"Juzi," alisema Hidaya.

Mwantumu akashika ukingo wa meza. Juzi paka yule angepona kwa kazi ya muda mfupi na usiku mmoja wa dripu.

"Ulijua ni paka wa mama yangu, ukanyamaza."

"Ningekupigia simu ungeuliza kwa nini kidani hakikusema. Nilikuwa na simu mkononi, Tumu, naapa. Nikaiweka. Nikajiambia labda atakojoa."

 Mwantumu alimtazama mwanamke yule, aliyelala naye kitanda kimoja shuleni, aliyezijua siri zake zote mpaka za aibu, na akaona kwamba hamjui. Alitaka kumpiga. Alitaka pia mtu wa kumlilia, na mtu aliyezoea kumlilia alikuwa ndiye huyu.

"Basi nikwambie na la mwisho, usije ukalisikia kwingine," alisema Hidaya. "Wazo halikuwa langu. Mama yako ndiye wa kwanza kuja hapa. Baba yako alikuwa bado amelazwa. Kashata alikuwa analalamika magoti, kila jioni, ila magoti, ila magoti. Mama akanishika mikono hii, akaniambia: Mwanangu, ninyamazishie. Nikamkatia yeye, kidani kimoja hakitaki kufuli. Halafu nikafikiri, kwa nini yeye peke yake?"

"Muongo wewe."

"Kamuulize."

Hidaya alikivuta kishikwambi, akagusagusa, akaweka dole gumba lake katikati ya kioo mpaka duara la kijani likatokea. Akakisukuma upande wa pili wa meza.

"Langu hilo, kwa hiari yangu. Ukiweka la kwako ila inarudi, kwa wote, saa ileile. Linakaa mpaka kesho magharibi, halafu linafutika, na sitaliweka tena. Lakini kabla hujaliweka, fikiri ni nani atakayewapokea watakaotupwa. Mimi sitakwenda tena barabara ya Pangani."

Mwantumu alikichukua kishikwambi akakitia kwapani. Hakuaga. Mtu wa Tanga, na hakuaga.

*

Kashata alilala usiku ule wote akiwa na mrija, na kesho yake mchana figo zake zikakataa kazi. Mwantumu aliipima damu mara ya mwisho, akazima mashine kwa sababu haikuwa na jipya la kusema. Bi. Kibibi alikaa kwenye kiti kando ya meza, mkono wake juu ya kichwa kikubwa cha manjano. Hakuwa amekwenda nyumbani.

"Hujambo, Kashata?" aliuliza mama.

"Shikamoo, mama. Sijambo," kilisema kidani, kwa ile sauti changa ya furaha.

Mwantumu akainama, akakifungua kidani shingoni mwa paka, akakiweka kwenye droo na kuifunga. Chumba kikabaki na pumzi za paka tu.

"Niulize mimi, mama."

Bi. Kibibi hakutaka. Ilionekana usoni kwamba hakutaka. Alizichezea nyuzi za kanga yake kwa muda.

"Anaumwa?" aliuliza hatimaye.

Jibu jepesi lilikuwepo, tayari mdomoni, na kwa mara ya kwanza Mwantumu alionja utamu wake na akaelewa jinsi Hidaya alivyoanza. Neno moja tu. Mama angepumua.

"Anaumwa, mama. Anaumwa sana. Na ameumwa siku zote hizi."

Mama akaitikia kwa kichwa. Hakulia. Machozi yaliyotarajiwa hayakuja, na badala yake likaja jambo ambalo Mwantumu hakulitarajia hata kidogo.

"Nilijua," alisema Bi. Kibibi.

"Ulijua nini?"

"Paka nimemlea tangu macho yake hayajafumbuka, nishindwe kujua kwamba haendi kwenye mchanga? Nilimwona anachuchumaa, anasukuma, hakitoki kitu. Nilimwona."

"Halafu?"

"Nikamuuliza, akasema hajambo. Nikauliza tena."

Mwantumu aliiachia meza. Akakaa chini, sakafuni, ukutani, na koti lake jeupe. Shoga ni shoga, mtu anaweza kumchagua mwingine. Mama hachaguliwi.

"Na ulikwenda kwa Hidaya. Mimi binti yako ndiye daktari, ukaenda kwa Hidaya anyamazishe."

"Nilikwenda."

"Kwa nini, mama? Ungeniambia mimi ningemtibu hayo magoti! Ningemtibu na huu mkojo! Kwa nini mmenifanyia hivi, nyote?"

"Usinipigie kelele, mimi ni mama yako," alisema Bi. Kibibi, lakini bila nguvu. Kisha akaanza kusema huku akimtazama paka, si binti. "Tangu baba yako alipolazwa, asirudi tena, nyumba ilibaki kimya. Wewe unakuja unakunywa kikombe kimoja cha chai, simu inalia, umekwenda. Sikulaumu, kazi ni kazi. Lakini huyu nilikuwa nikimuuliza ananijibu, na anajibu wewe. Ndani ya nyumba yangu mwanangu ananiambia shikamoo mama, sijambo. Halafu ikaanza ile habari ya magoti. Mwantumu, wewe hujawahi kusikia mtoto wako akilalamika maumivu chumba cha pili na huna la kumfanyia. Kila jioni. Nilijua ni paka. Akili ilijua ni paka. Masikio hayakujua."

Mwantumu alifunika uso kwa mikono.

"Nilitaka kusikia hujambo," alisema mama yake. "Ndiyo hivyo tu. Sasa mfanyie anachofanyiwa, asiendelee kuteseka. Mimi nimeshamfanyia vya kutosha."

Mwantumu akainuka. Alijaza sindano, akamweleza mama kila hatua kabla ya kuifanya, kama alivyowaeleza watu wote, kwamba atalala kwanza na hatasikia la pili. Bi. Kibibi hakuuondoa mkono. Kashata aliondoka kimya, jinsi paka wanavyopenda.

*

Walimzika uani, Ngamiani, chini ya ukuta ulipopata kivuli. Jua lilikuwa limeanza kushuka na adhana ya magharibi haikuwa mbali. Mwantumu alinawa mikono, akakitoa kishikwambi mkobani, akakaa nacho barazani. Duara la kijani la Hidaya lilikuwa bado linawaka. Kando yake palikuwa na duara tupu.

Bi. Kibibi alikuja akakaa pembeni yake.

"Ndicho hicho?"

"Ndicho."

"Watawatupa."

"Baadhi watawatupa, mama. Hidaya hakudanganya hapo."

"Na mimi nitakusikia unalia kila nyumba."

"Utanisikia."

Mama alilitazama lile duara tupu. Hakusema weka, wala hakusema acha. Mwantumu hakumwomba ruhusa. Alikuwa amechoka kufanyiwa mambo kwa huruma, na alijua kwamba anachotaka kukifanya nacho kina watu wake watakaoumia. Aliweka dole gumba lake kwenye duara tupu, yeye mwenyewe, akiwa macho, hakuna aliyemshika mkono.

Mwanzo mtaa ulikuwa vilevile. Watu wakirudi kazini, wakiwauliza wanyama wao hali kama kila jioni. Kisha, nyumba ya kwanza upande wa kushoto, sauti yake ikasema: Shikamoo, sijambo, ila jino. Ng'ambo ya barabara ikasema: Sijambo, ila nina funza. Nyuma ya ukuta, ila jicho. Juu ghorofani, ila tumbo, mama, ila tumbo. Mlango wa tatu, wa nne, hadi kona, sauti moja ileile ya msichana mwenye furaha ikitaja maumivu ya miezi mingi, na watu wakatoka milangoni wakitazamana. Mtu akasema lahaula. Mtoto akaanza kulia. Bi. Kibibi alikuwa ameshika masikio kwa mikono miwili.

Haikuchukua muda geti likasukumwa. Aliingia Mama Siwema, jirani wa mlango wa pili, mama wa watu mwenye roho nzuri tu, amebeba paka wa kijivu aliyemshika mbali na mwili wake, kwa ngozi ya shingo.

"Bi. Kibibi, samahani, mwambie daktari amchukue huyu. Mimi nina shinikizo la damu, sitaki paka wa kulialia nyumbani kwangu. Toka nimeingia hanyamazi."

"Mweke chini tu, Mama Siwema, nitamwangalia," alisema Mwantumu akiinuka.

"Ila kiuno," kilisema kidani, kwa sauti ya Mwantumu. "Ila kiuno, mama."

Bi. Kibibi aliondoa mikono masikioni.  Alinyanyuka kabla binti yake hajafika, akampita, akampokea paka yule kutoka kwa jirani, akakaa naye chini sakafuni, akamlaza mapajani.

"Haya," alisema, "nipo. Nionyeshe wapi."